Kuchagua Programu ya Uzamili katika Uunganishaji wa Jamii na Utetezi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayefanya uchaguzi wa zana kuwa kisingizio cha kuikwepa kazi. Hata hivyo, hakuna mkulima asiyejua kwamba jembe la kupalilia konde la mchanga silo la kuvunjia ardhi kavu iliyolala miaka mitatu. Anayelitwaa jembe lolote alilolikuta ukutani huenda akashinda shambani kutwa nzima na kurejea jioni mikono ikiwa na malengelenge, nalo shamba likiwa vile vile. Shahada ya uzamili nayo ni zana. Makala haya yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili anayekusudia kuitwaa zana hiyo ili aifanye kazi ya kuwaunganisha wanajamii na kuzitetea haki zao.

Suala hili si geni katika vyuo vyetu. Wengi wa wahitimu wa Kiswahili huandaliwa kuwa walimu, ilhali si wote wanaopata ajira ya ualimu mara tu wanapohitimu. Baadhi yao hujikuta katika asasi za kijamii wakiendesha mikutano ya vijiji, wakifasiri vijitabu vya afya, wakitayarisha michezo ya kuigiza kuhusu unyanyasaji wa kijinsia au wakiwasaidia wakazi kuandika maombi rasmi kwa bunge la kaunti. Baada ya mwaka mmoja au miwili wao huona haja ya kujiendeleza kimasomo, na hapo ndipo wanapokumbana na msitu wa majina: maendeleo ya jamii, masomo ya maendeleo, ustawi wa jamii, usimamizi wa miradi, haki za binadamu, jinsia na maendeleo. Aghalabu wao huchagua kwa kufuata jina linalovutia, karo iliyo nafuu au ushauri wa rafiki aliyetangulia. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyetamani kujifunza jinsi ya kuwaunganisha wavuvi wadai haki yao humaliza miaka miwili akijifunza kujaza majedwali ya bajeti ya mfadhili. Anayeathirika si yeye peke yake na jamaa zake waliojinyima ili asome. Wavuvi wale nao wamemkosa mtu.

Makala haya yanafafanua kwanza dhana zinazohusika na chimbuko lake. Kisha yanaeleza mikabala mitatu inayotawala taaluma hii, yanapendekeza vigezo vya kuzipimia programu, na kuonyesha ni nini mwanafunzi wa Kiswahili anacho ambacho wengine hawana. Mwishoni yanalijibu swali ambalo wengi huliuliza kwa kunong'ona: je, shahada hii ni ya lazima?

Maana ya dhana

Tatizo la kwanza ni la istilahi, na ni sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaopaswa kulishughulikia. Kazi tunayoizungumzia ina sehemu mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara.

Sehemu ya kwanza ni ile ya kuwakutanisha watu wenye tatizo la pamoja, kuwasaidia watambue kwamba tatizo hilo ni la wote, kuwajengea uongozi wao wenyewe na chombo cha kudumu cha kuchukulia hatua. Baadhi ya waandishi huiita kazi hii uratibu wa jamii. Neno hilo lina kasoro. Kuratibu ni kuyapanga mambo yaende kwa utaratibu, na humweka mratibu juu ya wanaoratibiwa. Wengine huiita uhamasishaji, ila mtu anaweza kuhamasishwa Jumamosi uwanjani na ifikapo Jumatatu hamasa imeyeyuka kama umande. Katika makala haya tumelitumia neno uunganishaji kwa sababu kiini cha kazi yenyewe ni kuunganisha: mtu na mwenzake, lalamiko na lalamiko, nguvu na nguvu.

Sehemu ya pili ni utetezi, yaani juhudi za kubadilisha sheria, sera, bajeti au uamuzi wa wenye mamlaka kwa manufaa ya kundi fulani. Pana pia neno uraghibishi, litokanalo na raghba, yaani hamu au shauku. Baadhi ya asasi nchini Tanzania hulitumia kwa maana ya kuwaamsha wanajamii watambue na kutatua matatizo yao wenyewe, maana ambayo inakaribia uunganishaji kuliko utetezi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mtetezi anaweza kufanya kazi yake akiwa ofisini Nairobi, akaandika waraka mzuri na kushinda kesi bila ya kuonana na mwananchi hata mmoja. Mwunganishaji hawezi. Naye mwunganishaji asiyejua mlango wa kupitia katika serikali anaweza kuwakusanya watu elfu moja na wakarudi makwao mikono mitupu. Programu bora ni ile inayofundisha yote mawili, na mwombaji anapaswa kujua programu anayoitazama imeegemea upande upi.

Chimbuko la taaluma hii

Taaluma tunazozikuta vyuoni leo zina nasaba zaidi ya moja, na nasaba hizo hueleza kwa nini programu zenye majina yanayofanana hufundisha mambo tofauti.

Nasaba ya kwanza ni ya Marekani. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House jijini Chicago, nyumba ya huduma katika mtaa wa wahamiaji maskini. Mwaka 1939, katika jiji hilo hilo, Saul Alinsky alishiriki kuanzisha baraza la wakazi wa mtaa wa Back of the Yards, uliokuwa kando ya machinjio makubwa, na mwaka uliofuata akaunda Industrial Areas Foundation, shirika la kuwafunza waunganishaji. Vyuo navyo havikuachwa nyuma. Ilipofika mwaka 1962, baraza la elimu ya ustawi wa jamii nchini humo lilikuwa limeutambua uunganishaji wa jamii kuwa mojawapo ya mbinu kuu za taaluma hiyo, sambamba na kumhudumia mtu binafsi na kufanya kazi na vikundi. Hii ndiyo sababu nchini Marekani masomo haya mara nyingi hupatikana ndani ya shule za ustawi wa jamii.

Nasaba ya pili ni ya kikoloni, nayo ndiyo iliyotufikia mapema zaidi. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925, na baadaye ikawa kituo cha kuwafunza maafisa wa maendeleo ya jamii. Katika kongamano lililofanyika Cambridge mwaka 1948, maafisa wa Uingereza waliyafafanua maendeleo ya jamii kuwa juhudi za kuboresha maisha ya jamii nzima kwa ushiriki wake na, ikiwezekana, kwa hiari yake. Zingatia kauli hiyo ya 'ikiwezekana'. Hiari isipopatikana, afisa alitakiwa kutumia mbinu za kuichochea. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, idara ya maendeleo ya jamii iliunganishwa na shughuli za kile kilichoitwa kuwarekebisha wafungwa wa Mau Mau. Kwa hiyo, neno 'maendeleo ya jamii' lina historia ya kutumiwa kuwatuliza watu badala ya kuwapa sauti. Msomi anayejisajili katika programu yenye jina hilo anafaa kuijua historia hiyo, na aulize iwapo mhadhiri wake anaijua.

Nasaba ya tatu ni ya elimu ya ukombozi. Paulo Freire wa Brazili alisisitiza kuwa mtu mzima anayejifunza kusoma hujifunza pia kuusoma ulimwengu wake. Fikra zake ziliingia Kenya katika miaka ya 1970 kupitia mafunzo yaliyoitwa DELTA, ambayo Anne Hope na Sally Timmel walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Tajriba hiyo ndiyo iliyozaa vitabu vyao vya Training for Transformation, vilivyotolewa Zimbabwe mwaka 1984 na ambavyo wakufunzi wengi wa asasi za Afrika Mashariki wamevitumia tangu hapo.

Mikabala mitatu

Mwaka 1968 Jack Rothman alipendekeza kuwa kazi ya kijamii hufuata mojawapo ya mikabala mitatu: maendeleo ya mahali, mipango ya kijamii na harakati za kijamii. Uainishaji huu umekosolewa na kurekebishwa, hata na mwenyewe, kwa kuwa katika uhalisia mikabala hii huingiliana. Pamoja na hayo, bado ni kipimo kizuri cha kuzipambanua programu.

Tuchukue mfano wa mtaa usio na maji safi. Mfuasi wa mkabala wa maendeleo ya mahali atawakutanisha wakazi, waunde kamati, wachange fedha na nguvu, wachimbe kisima. Hapa adui ni utengano na ukosefu wa maarifa, na harambee ni dawa. Mfuasi wa mkabala wa mipango ya kijamii atakusanya takwimu: ni kaya ngapi, maji kiasi gani, mabomba yapite wapi, gharama ni ipi. Kwake yeye tatizo ni la kitaalamu na wataalamu ndio watakaolitatua. Mfuasi wa mkabala wa harakati atauliza kwa nini mtaa jirani wenye matajiri una maji saa zote, ni nani aliyeamua hivyo, na wakazi watamfikia vipi aliyeamua. Kwake yeye tatizo ni la mamlaka, na Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachoyataja maji safi kuwa haki ya kila mtu, ni silaha yake.

Hakuna mkabala ulio bora mahali pote. Kisima huenda kikahitajika leo, takwimu zikahitajika kesho mbele ya kamati ya bajeti ya kaunti, na maandamano ya amani yakahitajika kesho kutwa. La muhimu ni kwamba programu nyingi huegemea mmoja. Programu za usimamizi wa miradi huegemea mipango. Zile za maendeleo ya jamii huegemea maendeleo ya mahali. Zile za haki za binadamu huegemea harakati, japo aghalabu kwa njia ya mahakama kuliko ya kijiji. Mwombaji ajiulize kwanza: tatizo ninalotaka kulishughulikia linahitaji zaidi mkabala upi? Asiyeweza kulijibu swali hili bado hajawa tayari kujaza fomu.

Vigezo vya kuchagua

(a) Mtaala. Mwombaji asitosheke na jina la shahada. Aombe orodha kamili ya kozi pamoja na maelezo yake. Je, kuna kozi inayofundisha namna ya kumsikiliza mtu, kuongoza mkutano, kupata na kuwakuza viongozi, kuchanganua ni nani mwenye mamlaka juu ya uamuzi fulani, na kusuluhisha migogoro ndani ya kundi? Je, kuna kozi ya sera na bajeti ya umma? Iwapo nusu ya kozi ni za kuandika mapendekezo ya ufadhili na kutathmini miradi, hiyo ni programu ya usimamizi. Si mbaya, lakini ijulikane hivyo.

(b) Sheria za nchi. Utetezi nchini Kenya hufanywa ndani ya mazingira maalumu ya kisheria. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari, haki iliyofafanuliwa katika sheria ya mwaka 2016. Kifungu cha 37 kinaruhusu kukusanyika na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Vifungu vya 118 na 196 vinalitaka Bunge na mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi. Kuna pia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutekelezwa Mei 2024. Programu isiyomfikisha mwanafunzi katika nyaraka hizi inamfunza kuogelea nchi kavu.

(c) Kazi ya nyanjani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nchini Marekani, baraza linaloidhinisha masomo ya ustawi wa jamii humtaka mwanafunzi wa uzamili afanye kazi ya nyanjani kwa muda usiopungua saa 900. Hizo ni sawa na siku mbili za kazi kila wiki kwa wiki zipatazo 56. Mwombaji aulize programu anayoitazama ina saa ngapi, nani humsimamia mwanafunzi huko nyanjani, na kama kazi hiyo hutahiniwa au ni pambo tu. Tofauti kati ya kukusanya data kwa ajili ya tasnifu na kufanya kazi na jamii izingatiwe. Anayekwenda kijijini na hojaji siku tatu akaondoka amechukua, hajaunganisha.

(d) Wahadhiri. Ni nani miongoni mwao aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake? Wameandika nini? Kila mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee. Katika vyuo vyetu, masomo ya darasani kwa kawaida humalizika kwa wakati, lakini tasnifu ndiyo inayowafunga wengi miguu kwa miaka. Njia rahisi ya kupata ukweli ni kuwauliza wanafunzi waliojiunga miaka mitatu iliyopita wamefika wapi. Kuuliza si ujinga.

(e) Ithibati. Mwombaji ahakikishe kuwa programu imeidhinishwa na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kuidhinishwa kwa chuo si sawa na kuidhinishwa kwa kila programu yake. Aliye na azma ya kusoma ng'ambo aulizie mapema utaratibu wa kuitambulisha shahada hiyo atakaporejea. Kuhusu sifa za kujiunga, vyuo vingi nchini hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili, kitengo cha juu. Mwenye kitengo cha chini aghalabu hutakiwa kuongezea tajriba ya kazi. Mhitimu wa Kiswahili aulize pia iwapo atatakiwa kusoma kozi za daraja la kwanza za sosholojia kabla ya kuanza.

(f) Gharama na muda. Karo iliyochapishwa si gharama yote. Kuna ada za mitihani, usimamizi na mahafali, nauli za nyanjani, uchapishaji wa tasnifu, na leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kuna pia gharama isiyoandikwa popote, nayo ni mshahara usiopatikana katika muda wa masomo. Mwombaji azijumlishe zote kabla ya kuuza chochote cha nyumbani.

Nyumbani au ng'ambo?

Hapa nchini, Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 1965 na ni miongoni mwa asasi kongwe za fani hii. Vyuo vingine, kama vile Kenyatta na Daystar, vimetoa programu za uzamili zinazohusiana na jinsia au maendeleo ya jamii. Huko Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa shahada ya uzamili katika haki za binadamu. Faida kuu ya kusoma hapa ni kwamba mwanafunzi haondoki katika uwanja wake wa kazi: mabunge ya kaunti anayoyasoma ndiyo atakayoyaendea, na watu anaojuana nao nyanjani ndio atakaofanya kazi nao.

Ng'ambo kuna manufaa mengine. Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, kimekuwa na Marshall Ganz, aliyefanya kazi kwa miaka 16 na chama cha wafanyakazi wa mashambani kilichoongozwa na César Chávez kabla ya kurudi darasani. Yeye hufundisha namna masimulizi ya mtu binafsi, ya kundi na ya wakati uliopo yanavyoweza kuwasukuma watu kutenda, jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua mara moja. Ufadhili nao upo, ila una masharti. Ule wa Chevening wa Uingereza hutaka tajriba ya kazi ya miaka miwili, au saa 2,800. Ule wa Fulbright wa Marekani humtaka mfadhiliwa arejee kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Shahada ya uzamili ya Uingereza huchukua kwa kawaida mwaka mmoja, na tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuandamana na jamaa zao. Mwenye watoto wadogo alipime jambo hilo kabla hajaomba.

Hatari ya ng'ambo ni kwamba mbinu huzaliwa mahali. Mbinu za Alinsky ziliota katika mitaa yenye makanisa imara, vyama vya wafanyakazi na magazeti ya kila siku. Anayezibeba jinsi zilivyo hadi Turkana au Kwale atafanana na anayepanda mtufaa Lodwar. Mwanafunzi aulize kama programu ile itamruhusu kuifanya tasnifu yake kuhusu nyumbani, na kama kuna mhadhiri awezaye kuisimamia.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nini?

Wapo wanaodhani kuwa mhitimu wa Kiswahili huingia katika taaluma hii akiwa amechelewa. Dai hili halina mashiko. Zitazame kesi tatu.

Ya kwanza ni ya Kamiriithu, Limuru. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyehusika na elimu ya watu wazima katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho. Masomo ya kujua kusoma na kuandika yakazaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioigizwa na wanakijiji wenyewe kwa Kikuyu mwaka 1977. Leseni yake ilifutwa mwezi Novemba mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akazuiliwa bila kushtakiwa tangu mwisho wa Desemba, na mwaka 1982 ukumbi waliojijengea wanakijiji ukabomolewa. Waandishi walikuwa wamewahi kuandika kuhusu wanyonge bila ya serikali kuchukua hatua kama hiyo. Kilichoishtua ni wanyonge kujipanga katika lugha yao.

Ya pili ni ya Lamu. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe chenye uwezo wa megawati 1,050 kilipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wakazi, kupitia muungano wa Save Lamu na wenzao, walipinga. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua mizozo ya mazingira lilifuta leseni hiyo, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zilikuwa zimeagiza mikutano isiyopungua mitatu, matangazo ya redio katika lugha rasmi na za wenyeji, na kuteuliwa kwa mtu wa kupokea na kurekodi maoni ya wananchi pamoja na tafsiri zake. Yaani sheria yenyewe ilikiri kuwa bila lugha hakuna ushiriki. Ripoti nene ya kitaalamu iliyoandikwa kwa Kiingereza haimshirikishi mvuvi hata ikibandikwa mlangoni pake. Anayeweza kuigeuza iwe Kiswahili kinachoeleweka bila kuipotosha ana ujuzi ambao programu nyingi za uzamili hazifundishi.

Ya tatu ni ya mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipowasilishwa, vijana waliufasiri na kuufafanua kwa Kiswahili, Sheng na lugha nyingine za Kenya, wakausambaza kwa video fupi mitandaoni. Watu ambao hawakuwahi kusoma mswada wowote walianza kutaja vipengele vyake kwa nambari. Baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni. Yapo mengi ya kujadiliwa kuhusu harakati zile, likiwemo swali la kama hamasa ile iliunda vyombo vya kudumu, swali ambalo ndilo kiini cha taaluma ya uunganishaji. Lakini mchango wa tafsiri haukanushiki.

Kutokana na kesi hizi, tunapendekeza kigezo cha saba, ambacho ni cha mwanafunzi wa Kiswahili pekee: (g) Nafasi ya lugha. Je, programu inamruhusu mwanafunzi kuandika sehemu ya kazi yake kwa Kiswahili, au angalau kuirejesha kwa jamii kwa Kiswahili? Je, inaitambua tafsiri, fasihi simulizi na ukumbi wa michezo kuwa mbinu za kazi, au inaviona kuwa burudani ya kufungulia mikutano? Programu inayomtaka aiache lugha yake mlangoni inamtaka aache nusu ya uwezo wake.

Je, shahada ni lazima?

Jibu la kweli ni kwamba si lazima. Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisomea biolojia. Phyllis Omido, aliyewaongoza wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, dhidi ya sumu ya risasi na kutunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilekile kilichowadhuru, na mwanawe mwenyewe alikuwa ameathirika. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 kutokana na ubomozi katika mitaa duni, ulijengwa na wakazi ambao hawakusubiri cheti.

Shahada basi ina faida gani? Ina tatu. Huzifungua nafasi za kazi ambazo waajiri wamezifungia nyuma ya cheti. Humpa mtu wakati wa kutafakari alichokifanya, wakati ambao kazi yenyewe haumpi. Humkutanisha pia na fikra na watu ambao asingekutana nao. Iwapo hakuna hata moja kati ya hizi anayoihitaji kwa sasa, kuna njia fupi. Taasisi ya Coady katika Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1959, kwa mfano, imejulikana kwa mafunzo mafupi ya uongozi wa kijamii. Asasi nyingi za hapa nchini pia huendesha warsha zake zenyewe.

Pendekezo letu ni kuwa mhitimu afanye kazi ya kijamii kwa muda usiopungua mwaka mmoja, hata kwa kujitolea, kabla ya kuomba nafasi ya uzamili. Ataingia darasani na maswali, naye mwenye maswali hadanganyiki kwa jina la kozi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa programu za uzamili katika uunganishaji wa jamii na utetezi zina nasaba tofauti na huegemea mikabala tofauti, na kwamba zinaweza kupimwa kwa mtaala, sheria, kazi ya nyanjani, wahadhiri, ithibati, gharama na nafasi ya lugha. Wajibu hauko kwa mwanafunzi peke yake. Idara za Kiswahili zinaweza kuanzisha kozi za pamoja na idara za sosholojia na sheria, na zikaikubali tafsiri ya waraka wa umma kuwa kazi halali ya tasnifu. Wahadhiri wetu wanaweza kuwaelekeza wanafunzi huko badala ya kuwaacha wadhani kuwa mlango wa darasa la sekondari ndio pekee uliopo.

Mwanafunzi naye, kabla ya kulipa ada ya kuomba nafasi, na aandike katika karatasi moja, kwa Kiswahili sanifu, tatizo analotaka kulishughulikia, watu atakaolishughulikia pamoja nao, na ujuzi anaoukosa. Kisha aiweke karatasi hiyo kando ya mtaala wa kila chuo. Chuo kinachofundisha ujuzi anaoukosa ndicho cha kuombwa. Iwapo hakuna hata kimoja, ada hiyo na ibaki mfukoni mpaka kipatikane.